Baiskeli ya Gia Moja: Historia ya Elimu ya Mkono, kutoka Nottingham hadi Tabata

Historia ya Pwani imezoea kuandikwa kwa vyombo vya bahari. Jahazi, mashua na ngalawa zimetungiwa mashairi, zimechorwa vitabuni na kuwekewa nafasi katika majumba ya makumbusho. Chombo kimoja cha nchi kavu, ambacho katika karne ya 20 kilichukua samaki kutoka pwani hadi mashamba, mkate kutoka tanuri hadi mlangoni, na mwalimu kutoka kwake hadi skuli, bado hakijapata heshima hiyo. Chombo hicho ni baiskeli, na hasa baiskeli ya gia moja: fremu ya chuma cheusi, magurudumu mawili makubwa, mnyororo mmoja, na meno yasiyobadilika idadi, mlima uwe mkali au njia iwe tambarare.

Makala haya yanaifuata baiskeli hiyo kutoka viwanda vya Uingereza hadi vijiwe vya mafundi wa Tabata, jijini Dar es Salaam. Hoja yake ni moja. Kilichoiweka hai baiskeli ya gia moja si ugumu wa chuma chake wala unafuu wa bei yake peke yake. Kimeiweka hai kwamba mtu mmoja, hata asiyepata kuukanyaga mlango wa chuo cha ufundi, anaweza kuijua yote, kiungo kwa kiungo, na akaitunza kwa mikono yake. Elimu hiyo haikuandikwa, imepokezanwa. Na elimu isiyoandikwa huwa na maisha ya yule aliye nayo: asipopatikana wa kuipokea, huzikwa naye.

Chombo chenyewe kilizaliwa kwa kuunganishwa mambo matatu. Mwaka 1880, Hans Renold, fundi wa Manchester, alibuni mnyororo wa vigurudumu vidogo unaozunguka juu ya meno bila kukwaruza. Mwaka 1885, John Kemp Starley wa Coventry alitoa baiskeli aliyoiita Rover, yenye magurudumu yaliyokaribiana ukubwa, mnyororo ukiendesha gurudumu la nyuma. Mwaka 1888, John Boyd Dunlop, tabibu wa mifugo wa Belfast, akapata hataza ya tairi la kujazwa upepo. Kabla ya hapo pedali zilifungwa moja kwa moja katika gurudumu la mbele, na aliyetaka mwendo hakuwa na budi kupanda gurudumu kubwa linalomzidi kimo. Mnyororo ndio uliomteremsha mpanda baiskeli kutoka kwenye hatari hiyo.

Na hapo ndipo ilipo maana ya gia. Tuchukue mfano wa baiskeli yenye meno 48 mbele na meno 20 nyuma. Pedali zikizunguka mara moja, gurudumu la nyuma huzunguka mara 2.4, na kwa gurudumu la inchi 28 mwendo huo ni zaidi ya mita 5. Hesabu hii haibadiliki. Mwenye baiskeli ya gia moja hawezi kuibembeleza baiskeli ibadilike kwa ajili ya mlima. Ni yeye anayebadilika, akasimama juu ya pedali, au akashuka na kuisukuma.

Baiskeli za kwanza za namna hii zilikuwa na jambo jingine ambalo vijana wengi wa leo hawalijui. Meno ya nyuma yalishikamana na gurudumu, hayakuachana nalo. Gurudumu likizunguka, pedali nazo huzunguka, na mguu hauna ruhusa ya kupumzika hata kwenye mteremko. Mnamo mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 ndipo kilipoenea kile ambacho mafundi wetu wanakiita friwili: kikombe cha meno chenye ndimi ndogo za chuma ndani yake, zinazouma pedali zinaposukumwa mbele na kuachia miguu inapotulia. Ule mlio wa tiki-tiki unaosikika baiskeli inapoteremka ni mlio wa ndimi hizo. Baiskeli iliyosambaa Afrika Mashariki ilikuwa ya gia moja yenye friwili, na breki zake zilikuwa za vyuma virefu vinavyotoka kwenye usukani mpaka kwenye rimu.

Baiskeli zilikuja na utawala, misheni na biashara. Baada ya Uingereza kukabidhiwa Tanganyika kufuatia Vita vya Kwanza vya Dunia, majina ya viwanda vya Uingereza yakazoeleka madukani: Raleigh ya Nottingham yenye nembo ya kichwa cha korongo, Humber, BSA. Mwanzoni zilipandwa na makarani, mapadri na askari. Baadaye bei za kahawa na pamba zilipomfikia mkulima, naye akainunua, mara nyingi katika duka la Mhindi. Visiwani na katika miji ya mwambao, ambako ardhi ni tambarare na vichochoro ni vyembamba, baiskeli ilipata makazi yake ya asili. Ilioshwa, ikapakwa mafuta, ikavishwa kengele na taa, na ikaingizwa ndani usiku kama mtu wa nyumba.

Lugha nayo iliipokea kwa namna inayostahili kutazamwa na wapenda ushairi. Sehemu nyingi zilikuja na majina yake, yakavishwa irabu mwishoni na kuwa ya Kiswahili: spoki, tairi, pedali, breki, pampu, spana. Lakini sehemu nyingine hazikukopa. Kinachoongoza baiskeli kikaitwa usukani, jina la kile kinachoongoza jahazi. Kilicho mbele na nyuma kikaitwa gurudumu. Kinachoyafunga meno kikaitwa mnyororo. Gurudumu lina mizani nne, mnyororo una mizani nne. Yakikaa pamoja yanatimiza mizani nane za kipande kimoja cha utenzi. Ni sadfa tu, lakini ni sadfa inayoonyesha jinsi chombo cha kigeni kilivyopata kiti ndani ya nyumba ya lugha bila kusukumana na wenyeji.

Baada ya uhuru, ramani ya biashara ilibadilika. China ilijenga reli ya TAZARA kati ya mwaka 1970 na 1975, na sehemu ya gharama za ndani za ujenzi huo ililipwa kwa mauzo ya bidhaa za Kichina zilizoletwa Tanzania na Zambia kwa mkopo. Mbele ya macho ya watu, mali ya Shanghai ikawa kitu cha kila siku, na baiskeli za Phoenix zikachukua nafasi iliyokuwa ya Raleigh. Kutoka Ludhiana nchini India zikaja Hero na Avon. Tanzania nayo ilijaribu kusimama kwa miguu yake: Kampuni ya Taifa ya Baiskeli, NABICO, ilitengeneza Dar es Salaam baiskeli zilizoitwa Swala. Jina lilikuwa zuri na la hapa hapa. Leo limebaki zaidi vinywani mwa waliozipanda.

La kutia maanani ni kwamba zote hizo, ya Nottingham, ya Shanghai, ya Ludhiana na ya Dar es Salaam, zilikuwa ndugu wa tumbo moja. Umbo lilikuwa lile lile. Kwa desturi ya Kiingereza iliyofuatwa na wengi, gurudumu la mbele lilikuwa na spoki 32 na la nyuma spoki 40, kwa kuwa nyuma ndiko uzito unakokaa. Mnyororo ulikuwa wa inchi nusu kutoka pini hadi pini. Fundi aliyejifunza kwa Raleigh hakuhitaji kujifunza upya kwa Phoenix. Serikali zilibadilika, bendera zilibadilika, mkopeshaji alibadilika. Spana ilibaki moja.

Thamani ya jambo hilo ilidhihirika katika miaka ya dhiki. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, bei ya mafuta na uhaba wa fedha za kigeni vilizikausha rafu za maduka. Mpaka serikali ilipolegeza masharti ya uagizaji mwaka 1984, sabuni, nguo na vipuri vilikuwa vitu vya kutafutwa kwa foleni na kwa kujuana. Katika hali kama hiyo, chombo kinachohitaji kipuri cha kiwandani husimama. Baiskeli ya gia moja haikusimama. Tairi lililopasuka liliwekewa kipande cha tairi jingine ndani yake, spoki ilitolewa kwenye gurudumu lililokufa ikahamishiwa kwenye lililo hai, na tyubu ilibandikwa kiraka juu ya kiraka. Asiye na duka alikuwa na fundi. Asiye na fundi alikuwa na mikono yake.

Tabata ni mahali pa kufaa kuitazama elimu hiyo. Imo katika Wilaya ya Ilala, ng'ambo ya Barabara ya Mandela kwa anayetoka Buguruni, na majina ya vituo vyake ni historia fupi ya kitongoji: Relini, kwa ajili ya Reli ya Kati, Bima, Matumbi, Dampo. Hapo Dampo ndipo jiji lilipokuwa likimwaga taka zake, mpaka wakazi waliochoshwa na moshi na harufu walipolishtaki Baraza la Jiji katika Mahakama Kuu mwaka 1988 na kushinda. Dampo liliondoka, jina likabaki. Ni watu waliozoea kutosubiri mambo yatengenezwe na mwingine.

Kwa miaka mingi wachukuzi wa mkaa kutoka misitu ya Pugu na Kisarawe wameingia jijini kwa baiskeli, magunia yamepangwa nyuma mpaka yanampita mpandaji kichwa. Muuza samaki, muuza mkate, muuza kuku, wote wamepita njia hizo. Yupo pia mnoa visu, ambaye hufika mlangoni, akaisimamisha baiskeli juu ya stendi yake gurudumu la nyuma likiwa hewani, akakaa na kupiga pedali pasipo kwenda popote. Nguvu ile ile iliyomleta ndiyo inayozungusha jiwe la kunolea. Nyuma yao wote amesimama fundi wa kijiweni, chini ya mwembe au mwarobaini, tairi kuukuu limetundikwa kuwa alama ya duka, na mbele yake beseni la maji na kopo la nati zilizookolewa.

Anayeanza kujifunza kijiweni hapo huanzishwa kwa upepo. Tyubu iliyotoboka hujazwa na kuzamishwa ndani ya beseni, na mapovu humwonyesha tundu lilipo. Hukaushwa, husuguliwa kwa msasa mpaka rangi ya mpira ififie, hupakwa solusheni, na hapo ndipo mwanafunzi anapojaribiwa, kwa sababu kiraka hakibandikwi mpaka gundi ikauke kiasi cha kutonata kidoleni. Mwenye haraka hubandika mapema, na kiraka chake hufunguka kabla hajafika Segerea. Kisha hupitisha vidole taratibu ndani ya tairi zima, kuutafuta msumari au mwiba uliosababisha yote hayo. Asipoutoa, ameziba tundu na kuliacha lililolitoboa. Mwisho hutia tone la mate juu ya vali. Likitoa povu, basi ule mpira mwembamba wa vali umechoka nao.

Somo la pili ni mnyororo, na hapa ndipo baiskeli ya gia moja inapotofautiana na zile za gia nyingi. Haina springi ya kuukaza mnyororo. Ukilegea, hukazwa kwa kulirudisha nyuma gurudumu lenyewe ndani ya mianya ya fremu. Nati mbili hulegezwa, gurudumu huvutwa, hunyooshwa likae katikati, kisha nati hukazwa kwa zamu, huku kidogo na huku kidogo, ili gurudumu lisipinde. Mnyororo uliokaa sawa huchezacheza kiasi cha sentimita moja juu na chini unapobonyezwa katikati. Ukikazwa zaidi, hula gololi za ndani na kuufanya mguu mzito. Ukilegea zaidi, huruka meno, na huchagua kuruka penye lori. Anayejua kazi huzungusha pedali polepole duru nzima kabla ya kuridhika, kwa maana meno yaliyolika hayalingani, na mnyororo uliolegea hapa huenda umekaza pale. Baada ya hapo hutazama breki ya nyuma, kwani gurudumu likisogea, mahali breki inapogusa rimu napo hubadilika.

Mnyororo huzeeka pasipo kuonekana. Pini hulika, na kila pingili hurefuka kwa unywele. Mnyororo mpya, ukihesabiwa pingili 24 za inchi nusu, hupima inchi 12 kamili. Zikifika inchi 12 na moja ya nane, umekwisha. Ukiachwa, utayanoa meno mpaka yawe kama ya papa, na yule aliyekwepa kununua mnyororo atanunua mnyororo, friwili na meno ya mbele. Usipoziba ufa utajenga ukuta: methali hii ilikuwepo kabla ya baiskeli, lakini kijiweni ni hesabu ya shilingi. Mafuta nayo yana adabu yake. Oili chafu ya gari ikimiminwa kwa wingi hunasa vumbi la Tabata na kuwa msasa. Tone moja kwa kila pingili latosha, kisha kitambaa kifute kilichozidi. Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, na wakati wa vuli, kazi hiyo hurudiwa mara kwa mara. Na walio karibu na bahari hujua kwamba chumvi ya hewani hula chuma hata pasipo mvua.

Yapo pia mambo madogo yanayomtenganisha anayejua na asiyejua. Pedali ya kushoto ina hesi ya kinyume: hufunguliwa kwa kuizungusha kufuata mshale wa saa, na wanaoanza wengi hulemaa mikono wakiikaza huku wakidhani wanaifungua. Spoki iliyolegea hujulikana kwa sauti. Ikigongwa hutoa mlio mnene kuliko wenzake, na fundi hodari hulisikiliza gurudumu kama msanifu anavyosikiliza mizani. Mkono wa pedali unaogonga kila duru una kabari iliyolika. Gololi za katikati ya gurudumu hutiwa grisi, kisha hukazwa mpaka gurudumu lisitikisike upande, lakini lizunguke lenyewe kwa uzito wa vali yake na kutulia vali ikiwa chini.

Ama ile baiskeli ya zamani ya meno yasiyoachana na gurudumu, imerudi duniani kwa mlango mwingine. Watarishi wa New York na London waliitumia kwa wepesi wake, na katika miaka ya 2000 ikawa fasheni ya vijana wa miji tajiri, waliosema wamechoka na vyombo vyenye mambo mengi. Walichokitafuta wao kwa hiari, Tabata ilikihifadhi kwa haja. Lakini kijana anayetaka kuigeuza Phoenix yake iwe ya namna hiyo aonywe. Habu iliyotengenezwa kwa meno yasiyoachana huwa na pete ya pili yenye hesi ya kinyume, inayoyazuia meno yasifunguke mguu unaposukuma nyuma kupunguza mwendo. Habu ya friwili haina pete hiyo. Akiondoa friwili na kuweka meno matupu, siku moja yatafunguka barabarani, na kama aliondoa na breki kwa ajili ya urembo, Barabara ya Mandela haina msamaha.

Mambo yanayoisukuma elimu hii pembeni yanajulikana. Kanuni za mwaka 2010 zilihalalisha pikipiki kubeba abiria, na bodaboda ikachukua wateja na vijana kwa pamoja. Baiskeli za mitumba zenye gia nyingi zimejaa sokoni. Ni nzuri, lakini vipuri vyake havilingani, na zikiharibika hugeuzwa za gia moja au huachwa. Barabara zimepanuliwa kwa ajili ya magari. Mabasi ya mwendokasi yalianza mwaka 2016. Fundi wa kijiweni ameanza kuziba matairi ya pikipiki, na hakuna wa kumlaumu, kwani naye ana watoto.

Pwani imewahi kuyaona haya. Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari, ulisafiri bahari hii kwa karne nyingi. Uliacha kujengwa katika karne ya 20, na mafundi wake wakaondoka na elimu yao. Ulipojengwa tena mmoja mwaka 2003 kwa ajili ya Jumba la Ajabu, Unguja, ilibidi kazi irejee kwenye vifani na picha za zamani, kwa sababu mkono uliokuwa ukishona haukuwepo wa kuulizwa. Mkono wa fundi baiskeli bado upo. Upo Tabata, upo Buguruni, upo Darajani na Makunduchi. Majina ya zana zake, vipimo vyake vya kidole na milio anayoitambua havijaingia vya kutosha katika kamusi zetu. Kuviandika hakuhitaji mfadhili. Kunahitaji daftari, tyubu iliyotoboka, na mtu wa kukaa chini ya mwarobaini mpaka solusheni ikauke.